Damu ya Siku ya Ukaguzi

Kabla ya kwenda kutolewa damu, baba yangu alikuwa ananyoa ndevu. Ananyoa, anapiga viatu rangi mpaka vinang'aa, anavaa shati lililopigwa pasi lenye mikunjo miwili mgongoni, ndipo anatoka Mbale kuja kwangu Jinja. Nikimwambia kwamba sindano haiangalii viatu, ananitazama kama ananihesabu miongoni mwa makuruta. Alikuwa askari magereza kwa zaidi ya miaka thelathini na akastaafu akiwa sajini. Kwake kila mtu mwenye koti jeupe na karatasi mkononi ni mkaguzi, na mkaguzi hutayarishiwa.

Mimi nilicheka. Huo ndio upumbavu wangu wa kwanza katika habari hii, na si wa mwisho.

Moyo wake ulikuwa umemwangusha mchana mmoja akitoka kusagisha mahindi. Tulimkimbiza Kampala. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakaufikisha mpaka kwenye moyo, wakafungua palipoziba na kuacha hapo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kisichozidi kipande cha njiti ya kiberiti. Nilionyeshwa picha. Kabla yake mshipa umekatika kama barabara iliyobebwa na mafuriko, baada yake umerudi mzima. Nililia kwa furaha mbele ya watu. Lakini daktari wa kule hakutuacha tufurahi sana. Alisema kijibomba si tiba, ni mlango tu umefunguliwa, na kama mlango utabaki wazi kwa miaka au utajifunga tena, hilo liko mikononi mwetu. Alimpa dawa mbili za kila siku: moja ya kuzuia damu isigande kwenye chuma, nyingine ya kushusha mafuta. Na kila baada ya miezi mitatu, damu ipimwe.

Nilijifunza kusoma karatasi ya maabara kama wengine wanavyojifunza kusoma matokeo ya watoto. Mstari mmoja ni mafuta mabaya, yale yanayojibandika ndani ya mishipa. Mwingine ni kipimo kinachoonyesha kama mwili una moto wa ndani, ule usiohisiwa kwa kugusa paji la uso. Mistari hiyo miwili ikikaa chini, mzee ataishi. Ikipanda, mshipa unaweza kuziba tena, na safari hiyo huenda hata geti la hospitali tusilione.

Kazi ya dawa ilikuwa yangu. Ndugu zangu wako mbali, mama alishakufa, na baba alikataa katakata kuhamia kwangu. Alikuwa na vyumba vyake viwili nyuma ya mashine ya kusaga, upande ule wa viwanda wa Mbale, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mimi nashona sare za shule Walukuba, mtaa wa hapa Jinja. Kila mwanzo wa mwezi nilinunua dawa, nikazifunga kwenye boksi la nyuzi na kulituma kwa basi. Kisha nilimpigia simu. Tuliongea Kiswahili, lugha ya kambi ya magereza tulikozaliwa sisi watoto wote, maana baba alitoka kaskazini na mama alikuwa wa kule mlimani Mbale, na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Mpaka leo nikiongea kwa sauti kwenye simu, majirani zangu wanakaa sawa, wakidhani nimetumwa kuwakamata, maana kwao Kiswahili ni lugha ya askari.

"Baba, umemeza?"

"Nimemeza, mama. Wewe kwani unafikiri mimi nakula hii kitu na macho?"

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri mno. Kliniki ilikuwa Nalufenya, hapa hapa Jinja, na daktari wetu alikuwa kijana mpole aliyempenda baba kwa sababu ya ile saluti. Baba aliingia, akasimama wima, akapiga kisigino. Daktari alifungua karatasi, akatabasamu.

"Mzee, hii damu ni ya kijana! Mimi nina wagonjwa wa umri wangu ambao hawafikii hapa."

Baba alikaza kifua. Nami nilijisikia mkubwa, nisiseme uongo. Baada ya majibu mazuri mara nne mfululizo, daktari alisema sasa tunaweza kupima kila miezi sita. Alimwambia baba aendelee na dawa zote mbili kama kawaida, akamshika bega. Nilitoka kliniki hiyo nikijiona nimeshinda.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Mbale kufuata vitambaa. Sikupiga simu, kwa kuwa nilikuwa na haraka, nikapita kwake dakika kumi tu. Alikuwa ametoka. Mlango haukufungwa, kama siku zote. Nikafungua kopo lake la dawa, lile la majani ya chai, ili nione kama zinatosha. Lilikuwa tupu. Si kwamba zilibaki chache. Hakukuwa na hata karatasi yake, na mwezi ulikuwa ndio kwanza umefika katikati.

Nilimsubiri. Aliporudi nikamuuliza. Akasema ameziweka mahali. Mahali gani? Mahali pazuri. Nikamwambia anionyeshe. Akasema hawezi kupekuliwa nyumbani kwake na mtoto aliyemfundisha kunawa. Nilirudi Jinja nimevimba kwa hasira, na njia nzima kitu kimoja kilinizunguka kichwani.

Niliyaona mambo haya nikiwa mtoto. Siku mbili kabla ya mkaguzi kufika kutoka makao makuu, kambi nzima iligeuka. Mawe ya pembeni ya njia yalipakwa chokaa. Mablanketi mapya yalitolewa stoo na kutandikwa kwenye vitanda vya wafungwa, na sufuria zikatiwa maharage ya kutosha. Mkaguzi alipita, akaandika, akasifu, akaondoka. Kesho yake mablanketi yalirudi stoo na maharage yakarudi kuwa maji. Hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Huo ulikuwa utaratibu wa kazi, na baba yangu alikuwa fundi wake.

Na nani alikuwa anampa taarifa kwamba mkaguzi anakuja? Mimi! Kila mara, mwezi mzima kabla ya kipimo, nilimpigia: baba, tarehe fulani ni damu, usisahau. Nilimpa muda wa kutosha wa kupaka chokaa. Daktari naye alisoma chokaa, akampongeza, akamwongezea miezi. Nilitamani kujipiga makofi.

Basi nikaamua kumfanyia ukaguzi wa ghafla. Nilisubiri siku chache, nikaenda kulala kwa shangazi yangu Mbale bila kumwambia mtu. Asubuhi kabla mzee hajanywa chai nikagonga. Alikuwa na fulana iliyotoboka na ndevu za siku tano.

"Vaa viatu, baba. Tunakwenda kupima damu."

"Leo siyo siku yake."

"Ndiyo maana."

Aligoma. Nikamwambia asipokwenda nitakaa hapo mlangoni mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Hilo alilielewa. Tulikwenda maabara moja ndogo karibu na mnara wa saa, akatoa mkono bila kumsalimia hata mpimaji, akawa anatazama ukuta. Sikuwahi kumwona baba yangu amekaa mbele ya watu bila kunyoa. Niliona haya kwa niaba yake, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko haya.

Mchana nilichukua majibu. Mistari yote miwili ilikuwa juu, na ule wa mafuta ulikuwa umerudi karibu pale ulipokuwa siku moyo ulipomwangusha. Nikampigia daktari wa Nalufenya. Akauliza mara mbili kama nina hakika ni damu ya mtu yule yule.

"Kama ameacha ya mafuta, hiyo ni mbaya," alisema. "Kama ameacha na ile ya kuzuia kuganda, dada, mwambie anacheza na kifo. Damu inaweza kuganda kwenye kile chuma wakati wowote, hata akiwa amekaa tu."

Niliingia kwa baba na karatasi mkononi nikiwa tayari kupasuka. Nilimwambia yote. Kwamba amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwaka mzima. Kwamba mimi nashona mpaka macho yanauma ili yeye apate dawa, na yeye anazimeza siku za wageni tu. Nilimuuliza anazitupa wapi. Alikaa kwenye stuli, mikono magotini. Nilikuwa bado nasema mlango ulipogongwa mara mbili.

Aliyeingia nilimfahamu tangu nikiwa natambaa. Alikuwa koplo, mwenzake baba wa miaka yote, mwembamba siku hizi na kola ya shati imemzidi shingo. Hakuniona nilipokuwa nyuma ya mlango. Alipiga saluti, akatoa chini ya koti boksi langu la nyuzi.

"Afande, zamu yangu imekwisha jana. Hii hapa ya kwako, kumi na nne ya hii na kumi na nne ya ile. Mimi nimekabidhi."

"Nimepokea," baba akasema polepole, bila kunyanyua macho.

Nilihitaji muda kuelewa nilichokiona, ingawa kilikuwa wazi kabisa. Walikuwa wakimeza kwa zamu. Wiki mbili baba, wiki mbili koplo. Kama walivyolinda mnara wa gereza miaka ile, mmoja akishuka mwingine anapanda, boksi likipita mkono kwa mkono. Koplo alikuwa na maumivu yale yale ya kifua. Alikuwa na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa zile zile mbili, na kwenye karatasi hiyo waliandika pia kwamba anahitaji kijibomba, kitu ambacho kwake kilikuwa sawa na kuambiwa anahitaji ndege. Dawa zenyewe alizipata mara moja, akamaliza, hospitali ikamwambia hazipo. Ndipo baba akamwambia aje.

"Na kipimo cha Jinja?" nikauliza.

Koplo ndiye aliyejibu, kwa heshima, kama vile ningeandika ripoti. "Kipimo ikikaribia, mama, mimi nasimama pembeni. Mzee anakula mwezi muzima peke yake. Apite."

Mwezi mzima. Kumbe kila sifa niliyoipokea pale Nalufenya, kila "damu ya kijana", ililipwa na mtu huyu kwa kukaa mwezi mzima bila kidonge ili sajini wake asianguke mtihani.

Nilimgeukia baba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nini?"

"Ningekataa!"

"Basi."

Nikajaribu kuwaeleza. Nilisema dawa haibaki kulinda wewe ukiwa umepumzika, kwamba siku ya kwanza baada ya kuacha mnara uko tupu. Nilitumia lugha yao makusudi. Baba akatikisa kichwa. Alisema kwa miaka yote mnara haukuwa tupu hata siku moja, maana huyu hapa alisimama mahali pake mara ngapi yeye akiwa amelala, amelewa chakari, na hakumripoti. Je, leo ameze mbele yake, amwangalie usoni, aseme pole? Koplo alitazama viatu vyake. Nilitaka kulia na nilitaka kuwagonganisha vichwa, wote wawili kwa pamoja, wazee hawa wanaojua kuzunguka kila mkaguzi duniani isipokuwa yule aliyemo kifuani mwao.

Siku hiyo nilitoa amri. Nasema amri kwa sababu sina neno lingine. Zamu imekwisha. Baba atameza kila siku, na kila asubuhi atanipigia simu ya video, ameze nikiona, afungue mdomo, anyanyue ulimi. Kwa koplo nilitoa ahadi. Nilimwambia aje Jinja, nitampeleka kwa daktari wetu, na dawa zake nitazibeba mimi. Nilimaanisha hivyo. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa, nilikuwa na sare za watu zimejaa mpaka kitandani, nikasema aningoje mwezi huu mmoja nimalize.

"Haina neno, mama," akasema. "Mimi iko."

Aliacha boksi mezani, akapiga saluti, akaondoka.

Asubuhi ya pili simu ikalia saa moja kamili. Uso wa baba ulijaa kioo. Aliweka vidonge kwenye ulimi, akanywa maji, akafungua mdomo upana ambao hakuna mtoto anayepaswa kuuona.

"Nimemeza, afande."

Nilimwambia asiniite hivyo. Kesho yake akaniita hivyo tena. Sikuwahi kusikia tena "mama" kwenye simu zile. Kila siku saa moja, hata dakika haikuzidi, mdomo wazi, ulimi juu, ndiyo afande. Alinitii kama nilivyowaona wafungwa wakimtii yeye, na alijua ninajua. Nilivumilia. Nilijiambia achukie tu, mradi yuko hai.

Koplo sikumpigia wiki ya kwanza. Ya pili nilimpigia mara moja, simu ilikuwa imezimwa, nikasema nitajaribu jioni, na jioni mteja mmoja akaja na mashati yaliyobana makwapani. Wiki ya tatu nilikata suruali za shule nzima. Ya nne nilikuwa nimebakiza masweta tu.

Alikufa Alhamisi alfajiri, akifunga kamba za viatu. Mkewe alikuwa jikoni, akasikia kitu kimeanguka, akadhani ni ndoo. Baba hakuniambia. Nilijua Ijumaa, kwa shangazi. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba Alhamisi hiyo saa moja kamili baba alinipigia kama kawaida, na Ijumaa tena, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akasema amemeza. Nilikwenda mazishini Jumamosi. Mjane alinikumbatia na kunishukuru. Alisema marehemu alimwambia kwamba binti wa sajini atampeleka kwa daktari wa moyo Jinja, na kwamba alikuwa ameshapiga pasi nguo za safari. Nilimwambia Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Nimekasirika na watu wengi tangu wakati huo. Nimekasirika na hospitali inayomwandikia mtu dawa kisha inamwambia hazipo. Na karatasi ya maabara, inayotaja mafuta na moto wa mwili mpaka nukta ya mwisho, lakini haiwezi kusema damu hii imekuwa nzuri kwa gharama ya nani. Na koplo mwenyewe, kwa ile "haina neno" yake. Kama angegonga meza siku ile, kama angesema binti, mwezi ni mrefu kwangu, labda ningeziacha suruali za watu. Labda. Najua pia kwamba boksi lilikuwa pale mezani, la nyuzi, na mimi ndiye niliyelisogeza upande wa baba.

Miezi mitatu baada ya zamu kukoma tulirudi Nalufenya. Daktari alikuwa ameagiza tusingoje sita. Sikumkumbusha baba tarehe, alikuwa haihitaji tena. Alikuja hajanyoa, na viatu vilikuwa na vumbi la Mbale. Hakupiga saluti. Alikaa, akaweka kofia gotini.

Daktari alifungua karatasi, akaisoma, akairudia, kisha akatusogezea tuone wenyewe. Mistari yote miwili ilikuwa chini kuliko wakati wowote, chini kuliko siku zote za ukaguzi. Alifurahi kwelikweli yule kijana. Alisema hivi ndivyo inavyotakiwa, kwamba damu ikikaa hapa mzee ataona wajukuu wakioa.

"Mzee, safari hii umefanya nini tofauti?"

"Nakula peke yangu," baba akasema.

Daktari akacheka, akidhani ni mambo ya chakula na wageni wanaodandia sahani. Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Hongera sana, dada. Najua si rahisi. Hii ni kazi yako."

Nilikuwa bado sijaupokea mkono wake. Baba akavaa kofia yake, akasimama.

"Ndiyo, daktari," akasema. "Ni kazi yake."